Watakwimu Bima na Mji Usio na Hesabu

Usiku wa Aprili 16 kuamkia 17, 2020, mvua kubwa ilinyesha kwenye milima iliyo juu ya Uvira, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kando ya Ziwa Tanganyika. Mto Mulongwe ukafurika, ukazoa nyumba na watu. Waliokufa walizidi 30, na maelfu wakakosa makazi. Walionusurika walianza upya kwa msaada wa ndugu, makanisa na likelemba, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu. Wachache mno kati yao wangeweza kutegemea bima.

Ipo taaluma, ile ya watakwimu bima, iliyozaliwa ili kujibu hasara za namna hii: kila mtu achange kiasi gani leo ili janga likija lilipike? James Dodson, mwalimu wa hisabati wa London, alikataliwa na chama cha bima ya maisha kwa sababu ya umri wake. Akapiga hesabu kuonyesha kwamba hata mzee anaweza kukatiwa bima, mradi mchango wake ulingane na umri wake. Alifariki mwaka 1757. Wenzake walianzisha kampuni ya Equitable mwaka 1762, na Edward Rowe Mores akakipa cheo cha mtakwimu bima jina lake la Kiingereza, “actuary”. Mwaka 1848 chama cha watakwimu bima kiliundwa London, na baadaye cheo kikawa cha kutahiniwa. Hadi leo mitihani hiyo huchukua miaka, na wengi huifanya wakiwa kazini.

Kongamano lao la kwanza la kimataifa lilifanyika Brussels mwaka 1895. Congo ilikuwa mali ya Leopold II wakati huo. Wataalamu walijadili majedwali ya vifo katika mji mkuu wa mfalme huyo, lakini Wakongo waliokufa katika misitu ya mpira hawakuwa na jedwali lolote. Jambo hilo linaniuma.

Baada ya uhuru wa Congo, SONAS, kampuni ya bima ya Serikali iliyoundwa mwaka 1966, ilishika bima yote ya nchi. Sheria ya Machi 17, 2015 ilifungua soko, na kampuni binafsi za kwanza zikapata leseni mwaka 2019. Kampuni hizo zinahitaji watu wa kupanga bei na kukadiria akiba ya madai.

Kijana wa Uvira mwenye diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari anaweza kuisomea taaluma hii Nairobi au Dar es Salaam, miji iliyo karibu naye kuliko Kinshasa, ingawa atalazimika kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kikwazo kikubwa zaidi kinamsubiri nyumbani. Sensa ya mwisho ya Congo ilifanyika 1984. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wakubwa. Huwezi kumpangia bei mvuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira, kwa kutumia vifo vya Wabelgiji. Atakayerudi na cheo itambidi aanze na madaftari ya hospitali, vitabu vya vizazi na vifo, na kumbukumbu za kila mafuriko ya Mulongwe, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kutaja bei hata moja.