Ajira za majani chai Kericho na Bomet: Zinavyozaliwa, zinavyopotea

KWA takriban miaka mia moja, uchumi wa Kericho na Bomet umetegemea mmea mmoja. Majani chai ndiyo huwapa maelfu ya wakazi wa kaunti hizo mshahara, karo ya shule na, kwa wengi wao, nyumba ya kulala. Ingawa mashamba na viwanda vina wenyewe tofauti, mkono wa serikali umo kila mahali: katika ardhi, katika mikopo na katika sheria. Kwa hivyo ajira zinapoongezeka au kupungua huko, suala hilo haliwahusu waajiri pekee.

Ajira hizo hutoka katika makundi matatu: mashamba makubwa ya kampuni za kigeni, viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, na mashamba ya umma ya Nyayo. Kila kundi huzalisha ajira kwa njia yake, na kuzipoteza kwa njia yake.

Mashamba makubwa

Kampuni za Uingereza za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo cha majani chai Kericho katikati ya miaka ya 1920. Zilipanda kwenye ardhi waliyopokonywa Wakipsigis, wakiwemo watu wa ukoo wa Talai, na ambayo serikali ya kikoloni ilizikodisha kwa muda mrefu. Katiba ya 2010 iliweka kikomo cha miaka 99 kwa ukodishaji wowote wa ardhi kwa wasio raia.

Kwa kuwa vibarua wengi walitoka mbali, zikiwemo Kisii, Nyanza na Magharibi, kampuni ziliwajengea nyumba, zahanati na shule ndani ya mashamba. Utaratibu huo uliifanya ajira ya mchumaji kuwa zaidi ya mshahara. Anayeachishwa kazi hupoteza pia nyumba, na mara nyingi watoto wake hulazimika kuhama shule.

Tishio kubwa kwa ajira hizo limekuwa mashine za kuchuma, ambazo zilianza kuenea miaka ya 2000. Mchumaji anayetumia mikono huvuna kati ya kilo 30 na 50 za majani mabichi kwa siku, kutegemea msimu. Mashine inayobebwa na watu wachache huvuna kiasi hicho mara nyingi. Kampuni zimejitetea kwamba gharama ya uchumaji wa mikono imekuwa kubwa mno ikilinganishwa na bei ya majani chai katika soko la dunia.

Chama cha Wafanyakazi wa Mashambani (KPAWU) kiliitisha mgomo Oktoba 2010 kupinga mashine hizo, lakini matumizi yake yaliendelea. Mapema 2023, jopo lililoundwa na kaunti ya Kericho lilipendekeza asilimia 60 ya majani ichumwe kwa mashine na asilimia 40 kwa mikono. Mmoja wa wanajopo alikadiria kwamba ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo pekee ndani ya miaka kumi. Mnamo Mei mwaka huo, waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa mashambani.

Wenye mashamba nao wamebadilika. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mnamo 1984. Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC katika mkataba uliotangazwa 2021. Kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilifikia makubaliano ya kununua mashamba ya James Finlay mnamo 2023, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa mnunuzi wa mashamba yaliyokuwa ya Unilever. Kila uuzaji wa aina hiyo huwaacha wafanyakazi na swali lile lile: je, mwajiri mpya atarithi pia ahadi za yule wa zamani?

Viwanda vya wakulima

Waafrika walizuiwa kwa muda mrefu kukuza majani chai kwa biashara. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliowafungulia mlango. Baada ya uhuru, serikali iliunda Halmashauri ya Ustawi wa Majani Chai (KTDA) mnamo 1964, ikisaidiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Halmashauri hiyo iliwapa wakulima miche na mbolea, ikakusanya majani yao na kujenga viwanda.

Viwanda vya Litein, Kapkatet, Momul, Tegat na Toror huko Kericho, pamoja na Kapset, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga huko Bomet, ni matunda ya mpango huo. Mnamo 2000 KTDA iliacha kuwa shirika la serikali na kuwa kampuni ya usimamizi, huku wakulima wakibaki wenye hisa katika kampuni za viwanda.

Ndani ya kiwanda majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huchachishwa, hukaushwa kisha hupangwa kwa madaraja. Kazi hizo huendeshwa kwa mitambo, na wanaoajiriwa humo ni wachache wakilinganishwa na wanaokitegemea kiwanda. Walio wengi wako nje yake: wachumaji, makarani wa vituo vya kununulia majani, madereva, na wanaokata kuni za kuchemshia maji ya mitambo. Kilo moja ya chai iliyo tayari huhitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi. Hii ina maana kwamba kila kilo inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa imepitia mikono mingi kabla ya kufika kiwandani.

Ajira hizo za nje hupungua bila kelele. Mkulima hulipwa sehemu ya pesa kila mwezi, kisha bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwisho wa Juni. Bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya mashariki, kwa kuwa chai ya magharibi huuzwa kwa bei ya chini mnadani. Bonasi ikishuka, mkulima humwachisha kazi kibarua wake na kuchuma na jamaa zake, au hukodi mashine ndogo. Uchumaji wa mashine nao huchanganya majani magumu na yale laini, ubora ukashuka na bei ikazidi kuanguka. Hivyo hatua inayochukuliwa kupunguza gharama huweza kupunguza mapato ya mwaka unaofuata.

Mashamba ya Nyayo

Shirika la Nyayo Tea Zones liliundwa na serikali mnamo 1986 ili kupanda ukanda wa majani chai pembezoni mwa misitu, ukiwemo Msitu wa Mau, kama ua wa kuzuia uvamizi. Ajira zake ni chache kuliko za makundi yale mawili, lakini huwafaa watu wasio na shamba wanaoishi kandokando ya msitu. Sehemu ya majani yake husindikwa katika viwanda vya KTDA, kwa hivyo hatima ya wachumaji wake imefungamana na ya viwanda hivyo.

Hesabu ya ajira

Kiwanda kipya kinapofunguliwa, idadi ya walioajiriwa hutangazwa siku hiyo hiyo. Ajira zinazopotea hazina siku ya kutangazwa. Kibarua wa msimu hana barua ya kuajiriwa wala ya kuachishwa, na asipoitwa tena msimu unaofuata, jina lake halionekani katika orodha yoyote ya waliopunguzwa. Wanaoathiriwa zaidi na pengo hilo ni wanawake, kwa kuwa ndio wengi kwenye uchumaji wa mashamba ya wakulima wadogo.

Kipimo cha uzalishaji nacho chaweza kupotosha. Kenya ilizalisha takriban kilo milioni 598 za chai mnamo 2024, kiasi kikubwa kuliko cha mwaka uliotangulia, lakini ongezeko la kilo si ongezeko la wachumaji. Shamba laweza kutoa mavuno mengi zaidi huku nyumba za vibarua zikibaki tupu.

Sheria ya Chai ya 2020 ilirejesha Bodi ya Chai ya Kenya na kuipa jukumu la kusimamia sekta hiyo. Bodi hiyo na serikali za kaunti ndizo zenye nafasi ya kudai kutoka kwa kila kampuni inayonufaika na ardhi, mikopo au ruzuku ya umma hesabu mbili kwa pamoja: ya watu walioajiriwa kiwandani, na ya wale walioacha kuitwa shambani. Bila hesabu hiyo ya pili, msaada wa umma huonekana umezaa matunda hata pale ambapo mchumaji amefunga virago.