NELL: Kompyuta iliyojisomea mtandaoni usiku na mchana

Mnamo Januari 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Tom Mitchell, waliiwasha NELL, programu iliyosoma kurasa za intaneti bila kupumzika. Ilipewa mifano michache ya miji, wanamichezo na kadhalika. Kutokana nayo ikatambua mpangilio wa maneno, kisha ikavuna mifano mingine.

Tatizo ni kwamba kosa moja huzaa makosa. Kwa Kiingereza, "cookie" ni biskuti, tena ni faili ndogo ya mtandaoni. NELL ilipoiweka miongoni mwa vitu vya kuokwa, punde faili nyinginezo za kompyuta nazo zikahesabiwa kuwa maandazi! Baada ya miezi sita hivi, watafiti walilazimika kuanza kuisahihisha.