Skripti ya majaribio ya moduli ya kerneli

Skripti ya majaribio ya moduli ya kerneli ni programu fupi inayopakia moduli katika kerneli, kuifanyisha kazi, kukagua matokeo na kuiondoa tena. Kerneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta: ndiyo inayogawa kumbukumbu, muda wa prosesa na matumizi ya vifaa. Moduli ni kipande cha kerneli kinachoweza kuongezwa au kutolewa bila kuwasha kompyuta upya. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, kazi hiyo hufanywa kwa amri kama modprobe, lsmod na rmmod.

Umuhimu

Kosa katika programu ya kawaida kwa kawaida huiangusha programu hiyo peke yake. Kosa katika moduli laweza kusimamisha kompyuta nzima au kuharibu data. Kwa hiyo majaribio mengi hufanywa ndani ya kompyuta pepe, kwa mfano kwa kutumia QEMU.

Matokeo yasiyoaminika

Kuna majaribio yanayoshindwa ingawa moduli ni nzima. Hatari zaidi ni yale yanayotangaza kufaulu ilhali moduli haikupakiwa kamwe. Kselftest, mkusanyiko wa majaribio unaotolewa pamoja na msimbo wa Linux, huepuka jambo hili kwa kutofautisha namba za matokeo: 0 ni kufaulu, 1 ni kushindwa na 4 ni kurukwa.

Njia za kuongeza uhakika

* Kukagua mazingira kwanza: kama skripti ina mamlaka ya msimamizi mkuu na kama moduli ipo. Moduli iliyojengwa moja kwa moja ndani ya kerneli haionyeshwi na lsmod.
* Kusubiri hali inayotakiwa itimie, kwa kikomo cha muda, badala ya kusubiri sekunde kadhaa za kukisia.
* Kuandika alama katika kumbukumbu za kerneli kabla ya kuanza, ili ujumbe wa zamani unaoonyeshwa na dmesg usihesabiwe.
* Kutumia amri ya trap ili usafi ufanyike hata skripti ikikatika katikati. Amri ya rmmod hukataa kuondoa moduli ambayo bado inatumika.
* Kuendesha jaribio mara nyingi. Likifaulu leo na kushindwa kesho, huenda sehemu mbili za msimbo zinagombania data ileile. Kulirudia mpaka lifaulu ni kuficha kosa hilo.