Mgeni kwao: safari ya Desemba kutoka Kibera na Kawangware

Kila Desemba, kabla familia za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hazijapanda basi kwenda kwao Siaya, Vihiga au Kakamega, maagizo ni yale yale. Beba sukari, majani ya chai, sabuni na mkate. Fika jua halijazama. Pitia kwa nyanya umwamkie kabla hujatua mizigo kwako. Nyumba iliyofungwa tangu mwaka uliopita ifunguliwe madirisha, ifagiliwe, godoro lianikwe nje na kuta zikaguliwe kama zimeingiwa na mchwa. Bebea watoto gambuti, na nauli ya kurudi isiguswe, kwa kuwa matatu hupandisha bei msimu huo. Wengi huyaita mambo haya mila. Kwa maoni yangu, mila ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni sera ya kazi ya serikali ya kikoloni, iliyomfanya mfanyakazi wa Nairobi kuwa mpangaji mjini na mgeni kwao.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na baada yake zikaja sheria za kumdhibiti mtu aliyeifuata kutafuta kazi. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na kipande, yaani hati ya utambulisho. Mji uliitaka nguvu yake bila jamaa zake: makao mengi ya wafanyakazi yalikuwa ya vitanda vya wanaume pekee, na mshahara ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri jambo hilo na kupendekeza ujira wa kutosha familia. Kwa miongo mizima, basi, mke na watoto walilishwa na shamba, na tajiri wa mjini akapata kibarua kwa bei nafuu kwa sababu mwanamke fulani alikuwa analima Maragoli au Ugenya. Kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa safari ni malipo madogo mno kwa kazi hiyo.

Atakayepinga atasema kwamba Waluo na Waluhya walithamini boma la baba kabla ya reli. Ni kweli, na uzito wake ulionekana katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Mahakama ikaamua azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, na akazikwa huko Mei 1987. Lakini mila ilieleza mtu ajenge wapi na azikwe wapi. Haikumwagiza mwenye nyumba alale ndani yake wiki mbili kwa mwaka. Hilo lilitokana na ujira.

Wanubi wa Kibera wanalithibitisha hilo kwa upande wa pili. Wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, na ardhi waliyokalia ilitangazwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918. Wao hawakutengewa rizavu, yaani ardhi ya kabila, mahali pengine. Kwao ni Kibera, ingawa hatimiliki ya ekari 288 waliipata mwaka 2017 tu. Kawangware nako, familia za Dagoretti zenye mashamba ya mababu hapo hapo hazihitaji basi la usiku. Anayesafiri ni mpangaji.

Vijana waliozaliwa mjini husema ushago, yaani kwao mashambani, ni gharama isiyowahusu, na nauli ya watu watano inawapa haki ya kulalamika. Hata hivyo, Nairobi ilipofungwa Aprili 2020 kwa sababu ya Korona, aliyekosa kibarua alidaiwa kodi huku njia ya kwenda kwenye mahindi ya nyanya imezibwa. Ujira wa kibarua bado haulishi familia, na shamba bado linajaziliza pengo. Kwa hiyo kijana akienda, aulize maji yaliyochotwa yanatosha kiasi gani kabla ya kuoga, ashike jembe siku mbili tatu, na asingoje kuchinjiwa kuku anayetaga.