Ribosomu: mbio za fuwele zilizozaa Nobel ya watu watatu

Mwaka 2025 ilitimia robo karne tangu wanasayansi waione ribosomu atomu kwa atomu, na hakuna aliyepiga ngoma. Vitabu vyetu vya sekondari huichora kama kitone, chini yake sentensi moja: hutengeneza protini. Bila kitone hicho hakuna damu, msuli wala jani la mchicha.

Mwanabiolojia wa seli George Palade aliieleza ribosomu mwaka 1955 kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1974 akashiriki Nobel. Miaka ya 1960 ikaonyesha inavyosoma ujumbe wa RNA herufi tatu tatu, ikiunga asidi amino moja baada ya nyingine.

Utamu wa kisa unaanzia kwenye baiskeli. Ada Yonath, mwanakemia wa Israeli, alianguka akaumia kichwa. Akiwa anajiuguza, alisoma kwamba dubu anapolala majira ya baridi, ribosomu zake hujipanga safu safu. Kama ndani ya dubu zinajipanga, akawaza, maabara zitashindwaje kuwa fuwele? Eksirei huhitaji fuwele ili kuonyesha umbo. Mwaka 1980, mjini Berlin, akishirikiana na Heinz-Günter Wittmann, akazipata za kwanza kutoka kwa bakteria wapenda joto. Baadaye akageukia viumbe vya Bahari ya Chumvi. Eksirei ilipoziharibu, akazigandisha kwa baridi kali. Wengi walimwona anaota mchana.

Njia ilipofunguka, washindani wakajaa. Timu ya Thomas Steitz wa Yale ilitumia fuwele za kiumbe kilekile cha Bahari ya Chumvi, na Agosti 2000 ikatangulia kuchapisha umbo la sehemu kubwa kati ya mbili zinazounda ribosomu. Mwezi uliofuata Yonath na Venki Ramakrishnan wa Cambridge wakatoa umbo la sehemu ndogo, kila mmoja kivyake. Katika kitabu chake cha mwaka 2018, Gene Machine, Ramakrishnan anasimulia mbio hizo bila kuficha hofu ya kupitwa. Mwaka 2009 wakagawana Nobel watatu wao. Kwangu, aliyefyeka pori ni Yonath.

Ribosomu ina kazi hospitalini pia: antibiotiki kama streptomisini na tetrasaiklini huua au hudumaza bakteria kwa kuzuia ribosomu zao. Majaribio ya Afrika Mashariki ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaliyosaidia kufupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita, yalitumia streptomisini. Mtaala unaoipa ribosomu sentensi moja unamnyima mwanafunzi jibu la swali la kila siku: dawa aliyopewa hospitali inamponyaje?