Wavu wa Kuopolea na Ukimya wa Majabali ya Kolo

Mtu afikaye Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, huonyeshwa kwanza michoro ya majabali. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo mna twiga, pofu na tembo, na watu wembamba, wengine wenye mapambo makubwa kichwani. Kwa ushahidi huo wenyeji wa kale wa nchi hii wamezoeleka kuitwa wawindaji. Uvuvi wao hutajwa kwa nadra.

Ukimya huo wafaa kutazamwa kwa hadhari. Katika pango la Kisese II, wilayani humo humo, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Ganda hudumu, jiwe hudumu, na mfupa pia. Kule Katanda, kando ya Mto Semliki katika Kongo ya mashariki, zilifukuliwa ncha za mifupa zenye miiba zilizokadiriwa kuwa na miaka ipatayo 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Lakini ufito na kamba havidumu. Mitego ya kusuka ya miaka ipatayo 7,000 imepatikana Ireland kwa sababu tu ililala ndani ya matope yasiyopitisha hewa. Udongo mkavu wa Kondoa, wenye mchwa tele, hauna hifadhi kama hiyo. Hivyo kutokuonekana kwa wavu si dalili ya kwamba wavu haukuwapo.

Wala maji hayako mbali mno. Mto Bubu hupita katika nchi ya Kondoa ukielekea kusini hadi bonde la Bahi, ambako huvuliwa kambare na perege. Maji hayo hupungua sana kiangazi, na kambare, ambaye aweza kuvuta hewa, hubaki katika tope.

Chombo kifaacho katika maji mafupi ya namna hii ni wavu wa kuopolea: kitanzi cha mti chenye mpini, na mfuko wa kamba uliofungwa ukingoni. Fundi mwenye busara haungi vipande viwili. Hutafuta tawi lenye panda, shina likawa mpini, na matawi mawili yakakunjwa hata yakakutana. Kiungo cha msumari hulegea majini, bali panda iliyoota yenyewe hailegei. Penye henzirani, kitanzi hufanywa kwa henzirani iliyolowekwa. Kondoa si nchi ya henzirani, na hapo mkole hufaa zaidi, kwa kuwa fito zake hukubali kukunjwa. Ufito hukatwa ungali mbichi, hupitishwa juu ya moto, hufungwa, kisha huachwa kivulini. Ukianikwa juani, upande wa nje hupasuka, na kazi yote huanza upya.

Kamba nazo zina historia yake. Gome la ndani la mbuyu, na la miyombo, limetoa nyuzi kwa vizazi vingi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf; baadaye ikaja nailoni, na jina lake la kigeni. Nyuzi za magome zikiachwa, majina yake nayo hukosa wa kuyatumia.

Hapo ndipo lugha yaweza kusema yale ambayo jabali halikusema. Neno *mgono*, la mtego wa kusuka, limo katika Kiswahili, na Waganda husema *omugono*. Katika Kinyakyusa na Kihehe *kugona* ni kulala, na mtego huu hulazwa majini usiku kucha. Ulinganisho huo wavutia. Hata hivyo kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi, na neno lapaswa kufuatwa lugha kwa lugha. Tena kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kamusi tu. Kamusi huueleza mgono kwa maneno machache: mtego wa samaki. Haisemi ufito upi hutangulia, wala fundo la mdomoni huitwaje, wala fundi hupimia nini upana wa tundu.