Bendera Nyeusi na Herufi Ndani ya Duara

Katika mwezi wa Novemba 1831, wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon, Ufaransa, ambao mikono yao ilivisha matajiri wa Ulaya ilhali nyumba zao wenyewe zilikuwa na dhiki, waliteremka kutoka kilima cha Croix-Rousse, ulipokuwa mtaa wao wa vitanda vya mfumi, wakiwa na silaha na bendera nyeusi. Kisa kilikuwa ujira. Mwezi mmoja kabla ya hapo palikuwa na maafikiano juu ya bei ya chini kabisa ya kazi yao, na wafanyabiashara wengi wakakataa kuilipa. Wafumaji waliapa kwamba wataishi kwa kazi au watakufa vitani, na kwa siku chache mji mzima ulikuwa mikononi mwao, hata jeshi la mfalme lilipokuja mwanzoni mwa Desemba kuutwaa tena.

Watu wale hawakuwa Waanakisti, yaani watu wanaokana kila dola, ambao baadaye waliifanya bendera hii kuwa yao. Pierre-Joseph Proudhon, aliyekuwa wa kwanza kulipokea jina hilo kama sifa, ilhali wengine walilitumia kama tusi, hakulitamka mpaka 1840 katika kitabu chake juu ya mali. Lakini rangi ilikuwa imekwisha kupata nasaba yake: rangi ya fukara aliyedhulumiwa malipo yake, wala si ya mtu anayetamani kukalia kiti cha aliyemdhulumu.

Aliyeipa maana ya kudumu ni mwanamke, Louise Michel, mwalimu wa shule aliyepigana katika Komuni ya Paris, uasi wa mji huo wa mwaka 1871, chini ya bendera nyekundu, akahukumiwa, akasafirishwa mpaka visiwa vya New Caledonia katika bahari ya Pasifiki, na asirejee kwao mpaka ulipotolewa msamaha wa 1880. Aliporudi aliikuta nyekundu ikipeperushwa pia na watu waliokuwa wakitafuta viti vya bunge. Kwake yeye ilikuwa imekwisha kulowa damu ya wenzake, na hivyo akasema kwamba atainua nyeusi, iwe matanga ya wale waliokufa.

Alitimiza ahadi hiyo tarehe 9 Machi 1883. Mafundi seremala wa Paris waliwaita wasio na kazi wakutane katika uwanja wa Invalides; askari wakawatawanya; na Michel, akifuatana na kijana Émile Pouget, akaongoza kundi la watu kuvuka mitaa mbele ya kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio. Naupenda sana ufagio ule kuliko kitu kingine chochote katika habari hii, kwani bendera za madola hufumwa kwa nyuzi za thamani na kupandishwa kwa mizinga, na hii ilitokana na vitu vya nyumbani kwa maskini. Njiani watu waliingia katika maduka ya mikate wakachukua walichokiona, na mikate ile ndiyo iliyomponza. Mwezi wa Juni, mbele ya mahakimu, hakuikana bendera. Alieleza kuwa ni bendera ya migomo na ya wenye njaa, akapewa kifungo cha miaka sita, ambacho msamaha ulikikatiza mwanzoni mwa 1886.

Tangu hapo nyeusi ilisafiri upesi. Ilionekana Chicago mwaka 1884 katika maandamano ya maskini. Ikafuatana na wapanda farasi wa Mwanakisti Nestor Makhno katika nyika za Ukraine. Na mwezi wa Februari 1921 ilijaa katika njia za Moscow, Peter Kropotkin, mwandishi mashuhuri wa Waanakisti, alipozikwa na maelfu ya watu, miongoni mwao wafungwa wachache walioruhusiwa kutoka gerezani kwa ahadi ya kurudi. Huko Uhispania vyama vya wafanyakazi viliikata bendera mshazari, nusu nyekundu kwa ajili ya kazi na nusu nyeusi kwa ajili ya uhuru usio na mtawala, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936 bendera hiyo ilipeperuka juu ya Barcelona.

Msomaji aweza kuuliza kwa haki: watu wanaokana kila dola wataka bendera ya nini? Wapo wanaojibu kwamba nyeusi ni kukosekana kwa rangi za mataifa yote, na kwa hiyo ni bendera inayozikanusha bendera. Jawabu hilo lina ufasaha, walakini naliona limetungwa baadaye. Wafumaji wa Lyon walikuwa wakilalamikia ujira.

Ama alama yao nyingine, ile herufi A iliyozungukwa na duara, ambayo wengi huidhania kuwa ya kale, umri wake ni mdogo. Ilipendekezwa Paris, Aprili 1964, katika jarida dogo la vijana wa Jeunesse Libertaire, na mhusika mkuu alikuwa Tomás Ibáñez, kijana wa Kihispania. Hoja zao hazikuwa za falsafa: walitaka alama ya kuchorwa ukutani kwa haraka kabla askari hajatokea, na ambayo makundi yote, yaliyozoea kugombana, yangeweza kuitumia pamoja. Hadithi ipendwayo, kwamba duara ni O, herufi ya kwanza ya neno la Kifaransa «ordre», yaani mpango, kwa kuwa Proudhon aliandika juu ya kupatikana mpango pasipo mtawala, haimo katika hoja hizo. Wenzao waliipuuza kwanza; vijana wa Milan wakaichukua mwaka 1966, na baada ya ghasia za 1968 ikaenea katika kuta za Ulaya nzima, bila ya chama chochote kuimiliki wala kuitoza ada.